Sanduku la mjomba

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya wiki mbili nzima. Safari hii kisingizio ninacho: nilikuwa naingiza kompyuta ndani ya kompyuta nyingine.

Sisi Waluguru mjomba akikuita huulizi kuna nini, unakwenda. Wangu ni mwenyekiti wa chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Mafiga (jina la chama naliacha). Nilimkuta amesimama mbele ya seva kama mtu aliyekwenda kumjulia hali mgonjwa.

"Mpwa wangu, wewe si ulisoma haya mambo chuoni?"

"Mjomba, nilisomea uandishi wa habari."

"Si ndiyo hayo hayo."

Kosa ni langu. Chuoni nilijipatia hela ya chipsi kwa kutengeneza kompyuta za washikaji, na mjomba hasahau.

Seva yenyewe ilikuwa na Windows Server 2003, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Julai 14, 2015. Diski ilikuwa inagonga, ka, ka, ka, kama mtu anavunja karanga. Ndani yake mlikuwa na akiba za mama lishe, vijana wa bodaboda, wauza ndizi wanaoshuka milimani alfajiri, na za mama yangu mzazi. Nakala ya akiba? Flash moja, nayo haifunguki.

Nikaamua kuigeuza diski nzima kuwa faili moja, kisha kuiendesha kama mashine pepe kwenye kompyuta mpya. Mashine pepe ni programu inayojifanya kompyuta, kiasi kwamba Windows iliyomo ndani inadhani ina chuma chake. Jambo hili si la jana. IBM walitoa VM/370 mwaka 1972. Sisi huku, mwaka 1974, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Tumetoka mbali jamani.

Nilitumia Disk2vhd, kijiprogramu cha Mark Russinovich na Bryce Cogswell kilichotoka mwaka 2009. Uzuri wake kinanakili huku watu wanaendelea na kazi. Niliianzisha saa sita mchana, karani akaendelea kuhudumia dirishani, nami nikaenda kutafuta wali maharage. Jioni faili likawa tayari.

Usiku umeme ukakatika. Uliporudi, seva haikuamka tena.

Kwa hiyo asubuhi lile faili ndilo lililokuwa chama chenyewe. Nikalifungua kwenye VirtualBox. Nembo ya Windows ikatokea, ikapotea, ikaja skrini ya bluu: 0x0000007B.

Kosa hili maana yake Windows imeamka, imetafuta diski yake, haijaiona. Seva ya zamani ilifikia diski kupitia kadi ya RAID. VirtualBox niliipa diski ya IDE, na draiva za IDE zilikuwa zimezimwa miaka yote hiyo kwa kuwa hazikuhitajika. Tiba ya kawaida ni kurudi kwenye mashine ya zamani, kuziwasha, na kunakili upya. Mimi ningerudi wapi?

Nilitoa kwanza nakala mbili za faili (mkono ulikuwa unatetemeka, sifichi). Moja nikaipachika kwenye Windows nyingine kama diski ya pili, nikafungua rejista yake kwa regedit, nikaikuta intelide imeandikwa Start 4, yaani imefungwa. Nikaweka 0, ianze pamoja na mashine. Bluu tena. Kumbe faili la intelide.sys lenyewe halikuwepo kwenye folda ya draiva, nikalitoa kwenye CD ya zamani. Bluu! Nilikuwa nimesahau orodha ya CriticalDeviceDatabase, inayoiambia Windows chuma kipi kinatumia draiva ipi. Nikaijaza. Saa nane usiku nikaona dirisha la kuingilia.

Kesho yake mtandao ukagoma. Nikiandika anwani ya IP ya zamani, Windows inasema tayari inatumiwa na kadi nyingine. Kadi gani? Ile ya seva iliyokufa, mzimu wake ulibaki kwenye rejista. Unaandika devmgr_show_nonpresent_devices=1, unafungua orodha ya vifaa, unaonyesha vilivyofichwa, unamfukuza mzimu. Dakika tano.

Tukashangilia mapema. Jumatatu akaja mama lishe mmoja na kitabu chake: aliweka elfu ishirini, kwenye kompyuta hazimo. Mjomba akaniangalia. Nilihisi joto masikioni. Disk2vhd hupiga picha ya diski pale inapoanza, na kila alichoingiza karani baada ya saa sita kilibaki kwenye diski iliyokufa. Mimi ndiye niliyemwacha aendelee na kazi.

Kilichotuokoa ni kitabu cha stakabadhi na karatasi yake ya kaboni. Zilikuwa 17. Karani aliziingiza moja moja, mimi namsomea, mjomba anahakiki. Niliwaomba radhi wote wawili. Mama lishe yeye alitaka tu kuona elfu ishirini zake kwenye skrini, akaziona, akaenda zake.

Mama yangu alipoambiwa fedha zake ziko kwenye mashine pepe aliuliza, "Ndiyo zimepeperuka?"

Siku hizi karani ananakili faili kila jioni kwenye diski mbili, moja inalala kwa mjomba. Juzi mjomba alitaka kuliuza sanduku la zamani kama chuma chakavu. Nikamwambia diski naitoa kwanza, mna madeni ya watu humo. Akakubali, akaweka birika la chai juu yake.