Barua kutoka juu ya ziwa

Wifi yangu mpendwa,

Hamjambo huko Mwanza? Weka kwanza ungo wa dagaa pembeni, uvute kigoda, maana leo habari zangu ni za samaki na wa kuambiwa ni wewe. Jana nimetembea juu ya ziwa. Si ukingoni, wala si ndani ya mtumbwi. Juu yake, kwa miguu yangu miwili, na nyuma yangu kuna pikapu inanipigia honi niipishe njia.

Niko Oshkosh, jimbo la Wisconsin, kwa binti yetu, na ziwa lenyewe linaitwa Winnebago. Urefu wake ni kama kilomita 45, lakini kina chake kirefu kuliko chote ni futi 21 tu, kwa hiyo Februari linaganda kweli kweli. Jirani wa binti yetu, mzee wa miaka sabini na kitu, ni mwanachama wa klabu ya wavuvi na wawindaji, na aliposikia kuwa nimetoka Ziwa Viktoria akasema siondoki hapa bila kukaribishwa. Usiwaze jumba la fahari. Ni ukumbi mrefu wenye meza za kukunja, kuta zimejaa vichwa vya kulungu na samaki waliokaushwa, jiko ni kubwa kuliko sebule yangu, na huko nyuma kuna uwanja wa kulenga shabaha.

Walianza kunilisha tangu juzi, Ijumaa. Ijumaa jioni Wisconsin ni samaki wa kukaanga, kila kona. Nikaletewa vipande vitatu vya chewa vilivyovikwa unga na kukaangwa vikakauka vizuri, na chapati ndogo za viazi zinazoliwa na rojo tamu ya tufaha (usikunje uso, zinapatana), na kachumbari ya kabichi yenye sukari, na kipande cha mkate mweusi. Dola 16. Nikauliza, mbona tuko kando ya ziwa na tunakula chewa wa baharini? Mzee akanieleza kuwa samaki mtu anaowavua kwa ndoana yake hapa hawauzwi, sheria imekataza. Unamla, unampa jirani, basi. Wifi, nilikaa kimya nikikuwazia wewe na soko zima la Mwaloni pale Kirumba. Halafu nikatoa kwenye mkoba kile kichupa cha pilipili ulichonifungia. Meza yetu ilikimaliza. Mzee alitokwa machozi, akafuta, akaomba tena.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kila mwaka, Jumamosi ya pili ya Februari, wanafungua msimu wa kumchoma kwa mkuki samaki mmoja mkubwa wa zamani, sturjeni. Hana magamba kama ya sato; ana ngozi ngumu yenye mafundo ya mfupa mgongoni, pua ndefu, na mdomo uko chini kama mfuko. Saa 11 alfajiri ukumbi wa klabu ulikuwa umejaa watu wenye mabuti hadi magotini. Kifungua kinywa ni mayai, soseji na chapati nene za maji zenye asali ya mti, dola 8, na kahawa unajimiminia mpaka uchoke. Mpishi alikuwa fundi bomba, mpeleka sahani mwalimu mstaafu. Hakuna anayelipwa. Nilipomaliza kula nikaingia jikoni kusuuza masufuria, kama tufanyavyo kwenye shughuli, na kuanzia hapo nikawa mtu wa nyumbani. Mama mmoja alinifunga aproni yake mwenyewe.

Nje baridi ilikuwa nyuzi 14 chini ya sifuri. Simu yangu ilizimika kabla hatujafika ufukweni, kwa hiyo picha utazipata za binti yetu. Barafu ya inchi 4 inambeba mtu kwa miguu. Kwa pikapu wanataka inchi 12 au zaidi, na wanaopima ni watu wa klabu. Wao pia ndio wanaotandika madaraja pale barafu inapopasuka, na wao ndio wanaosimika miti ya Krismasi iliyotupwa na watu Januari, safu ndefu ya kijani katikati ya weupe, ili mtu asipoteze njia ukungu ukishuka. Kwenye daraja tukatumbukiza dola 5 kwenye kopo. Halafu barafu ikaguna. Ni mlio wa chini kabisa, kama ngoma kubwa inayopigwa mbali, na unapita chini ya miguu yako ukielekea upande wa pili wa ziwa. Nilimshika mzee mkono. Akasema ikilia ndiyo inakua.

Kibanda chake ni cha mbao, kinakokotwa kwa gari, hakina dirisha. Ndani kuna jiko la gesi, viti viwili, na sakafuni shimo pana kama meza ya chakula lililokatwa kwa chenso. Unafunga mlango, giza linakuwa totoro, halafu maji yenyewe yanaanza kuwaka kijani kutoka chini. Wifi, ni kizuri kitu hicho. Chini kabisa aliwahi kumwaga maganda ya mayai ili samaki akipita kivuli chake kionekane. Katikati ya maji ananing'iniza samaki wa mti, mwekundu na mweupe, aliyechongwa na baba yake. Mkuki una meno mengi na kamba ndefu, umening'inizwa kwenye msumari, tayari. Mimi ni wa kutazama tu. Kibali mwisho wa kununua ni tarehe 31 Oktoba, na Oktoba nilikuwa kwangu Nyakato napalilia mchicha.

Tukakaa. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 7 mchana ndiyo muda unaoruhusiwa. Tulikula karanga, tukaongea habari za wajukuu, tukanyamaza. Glavu yangu ilidondoka shimoni, nikaiona inashuka taratibu ikipunga mkono, na mzee akaiwahi kwa ndoana ya mti mrefu. Ikabidi ianikwe juu ya jiko la gesi, na mkono wangu ukakaa ndani ya kofia yake hadi mchana. Sturjeni hakupita. Mzee ana miaka ambayo hakuona hata kivuli, na hakusema hivyo kwa uchungu hata kidogo.

Wenzetu wa kibanda cha tatu walipata. Kila samaki lazima apelekwe kwa maofisa wa samaki siku hiyohiyo, apimwe, ajulikane jike au dume, na wakifikisha idadi iliyowekwa, msimu unafungwa hata kama siku zimebaki. Majike wanachukua miaka zaidi ya 20 kabla ya kutaga mara ya kwanza, ndiyo maana wanahesabiwa kama fedha benki. Yule wa jana alikuwa mrefu kunipita. Tulipokwenda kumtazama akipimwa, maofisa wakasema mkubwa kuliko wote kwa mkuki alipatikana mwaka 2010, karibu kilo 96. Na unajua sturjeni wanakula nini? Viluwiluwi vyekundu vya wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi! Wanao na huku, kila Mei, wanafunika kuta na vioo vya magari. Nikawaambia kwetu pia wanapanda, na upande mwingine wa ziwa watu huwakusanya wakawafanya mkate. Maofisa wawili waliacha kupima wakanisikiliza.

Mchana tukarudi uwanja wa shabaha. Najua bunduki huzipendi, na mimi nilisimama mbali nimeziba masikio kwa yale makopo wanayokugawia langoni. Bila hayo na miwani huvuki kamba. Watu watano wanasimama mstarini, mmoja anapaza sauti, na kutoka kwenye kijumba kilichofukiwa ardhini kinaruka kisahani cha rangi ya chungwa, cha ukubwa wa kiganja. Wanakipiga kwa bunduki za marisawa, zile za ndege. Visahani 25 kwa zamu. Kulikuwa na timu ya wanafunzi wa sekondari, na msichana mmoja mwembamba mwenye nywele za kusuka alivunja 23. Ukumbini, wakati huohuo, watoto wa darasa la uwindaji walikuwa wanarudia kwa sauti: kila bunduki ihesabu ina risasi, mdomo wake uelekeze pasipo na mtu, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake, kidole nje ya kifyatulio. Mwalimu wao ni yule fundi bomba wa mayai.

Jioni ikawa bahati nasibu ya nyama. Unanunua kibao chenye namba kwa dola 1, gurudumu linazungushwa, na likisimama kwako unabeba nyama ya nguruwe, soseji au mnofu wa ng'ombe. Fedha inakwenda kwenye siku ya watoto kuvua na kwenye madaraja ya barafu. Kibao changu cha tatu kilitoka na kuku mzima. Ukumbi ulishangilia kama nimefunga goli. Nimempika leo kwa nazi ya kopo.

Wakati tunaondoka, wenye sturjeni wakaniita. Walinifungia kipande cha samaki wa mwaka jana kwenye karatasi, wamembanika kwa kuni za mti wa tufaha, rangi ya dhahabu, mafuta yanachuruzika. Nikauliza bei, mdomo ukiwa umeshazoea. Wakacheka wote, na mama yule wa aproni akanikumbusha. Nimekula nusu kwa ugali, binti yetu kala robo, robo iko kwenye friji na sijaamua.

Niandikie debe la dagaa limefika bei gani, watu wa klabu nao wanauliza.

Wifi yako akupendaye.