Mlio wa Klachi na Mali ya Mayatima

Mtatuwia radhi kwa kuleta harufu ya oili katika jarida la familia. Kisa chenyewe ni cha mjane na mayatima, nasi ndani yake hatukusimama vizuri.

Dada yetu aliolewa Kimilili, kule Bungoma chini ya Mlima Elgon, na huko ndiko alikofiwa na mumewe. Eda ilipokwisha tulisafiri kutoka pwani kwenda kusimamia mirathi. Kuyajua mafungu hakukutusumbua: dada ana thumni, watoto wana kilichobaki. Kilichotusumbua ni pikipiki kuukuu ya marehemu, Honda CG125, iliyokuwa ikikodishwa kwa kazi ya bodaboda na kuwalisha watoto. Ilikuwa imeanza kugonga, na kijana aliyeikodi aliirudisha.

Fundi wa kwanza aliisikiliza kwa muda wa kumeza mate, akahukumu kwamba konrodi imekufa na injini yote haifai. Hapo hapo akajitolea kuichukua kwa shilingi 8,000, kama chuma chakavu. Tulipaswa kushtuka, maana kadhi na mnunuzi walikuwa mtu mmoja! Lakini tulikuwa na uchovu wa safari na tiketi ya kurudi mfukoni.

Dada akasema kwa upole, "Kaka, mbona ukibana klachi hunyamaza?"

Tukamjibu kwamba mambo ya injini tuwaachie wenyewe. Tuliyatamka maneno hayo sisi, tunaowafundisha wengine kuwasikiliza wake zao.

Usiku usingizi ulitukataa. Tungeulizwa mali ya yatima tuliiuza kwa sababu gani, tungesema basi lilikuwa linaondoka? Kulipokucha tukaisukuma pikipiki hadi kwa fundi mwingine, mzee wa makamo yetu, dada akitufuata nyuma. Kabla hajaigusa akauliza, "Shehe, ukibana klachi kelele inabadilika?"

Tulimtazama dada. Yeye alikuwa anatazama chini.

Mzee akaiwasha, akaiacha ingurume polepole bila gia. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifuniko cha upande wa kulia, na mpini sikioni. Akabana klachi, mlio ukapotea, akaachia, ukarudi. Akatueleza kwamba kelele inayoanza unapobana mara nyingi ni ya beringi ndogo inayosukuma klachi. Isiyojali, ubane usibane, itafutwe ndani zaidi, na hapo ndipo konrodi huingia katika maneno. Inayotoweka ukibana huelekeza kwenye klachi yenyewe, au beringi za gia zilizo jirani yake.

Akamwaga oili, akafungua kifuniko. Lile bakuli linalobeba sahani za klachi lilikuwa limelika kingo, kila sahani imejichimbia kijishimo, na gia iliyoshikamana nalo ilikuwa ikichezacheza. Injini ya silinda moja haizunguki kwa ulaini inapokwenda polepole. Kila mlipuko husukuma kisha huachia, na kilicholegea hugonga. Ukibana, bakuli huegemezwa upande mmoja, likatulia. Konrodi nayo aliikagua. Haikuwa na kasoro.

Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hufanya kazi nyingi na hutunzwa kidogo, na baadaye viwanda vya China viliiga injini yake katika bodaboda nyingi tunazoziona leo. Kwa hiyo kipuri hakikuwa mbali. Mzee alilinganisha bakuli jipya na la zamani meno kwa meno, akihesabu kwa sauti, kisha akalifunga. Gharama pamoja na oili mpya ilikuwa shilingi 3,200.

Tuliahirisha safari kwa siku mbili. Jioni tulimwomba dada radhi mbele ya wanawe, naye akacheka, akasema kwa miaka mingi alijua mumewe yu karibu kwa sauti ya pikipiki hiyo, akiwa jikoni, kabla taa yake haijaonekana. Mpwa wetu mkubwa akaiwasha uani.

"Bado iko sauti ndogo, kaka," dada akasema. "Juu, si upande."

Tukachukua bisibisi, tukainama kusikiliza.