Kwa Treni ya Umeme Kwenda Dodoma

Stesheni ya Dar es Salaam, kabla ya kupanda, nilisogea hadi kwenye kichwa cha treni nikatazama juu ya paa. Mkono mwembamba wa chuma ulikuwa umeinuka, umegusa waya wenye volti 25,000. Nafundisha fizikia. Ubaoni huandika kwamba kazi ni chaji mara tofauti ya potenshali, mifano yangu ikiwa betri za tochi. Treni hizi zilianza kubeba abiria mwaka 2024, na sasa kanuni ile ile ilikuwa inanipeleka Dodoma.

Tulipoipita Pugu mwendo ulikolea hadi kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 na ushei kwa sekunde. Nikatoa daftari. Mwili wangu wa kilo 70, kuufikisha kwenye mwendo huo, unadai jouli 69,000 hivi. Gawanya kwa volti 25,000 upate chaji: haifiki hata kulombi 3! Hapo ni mimi peke yangu, bila behewa wala upepo.

Kijana niliyekaa naye alikuwa akichungulia. “Shikamoo mwalimu. Na simu yangu je?”

“Marahaba.” Betri yake ilikuwa ya miliampea-saa 5,000, ambazo ni kulombi 18,000. Kwa volti 3.85, kazi yake ni jouli 69,300.

“Kazi ile ile, mbona chaji zimepishana hivyo?”

Swali zuri mno. Kulombi moja ya simu inatoa jouli 3.85 tu, ya kwenye waya ule inatoa 25,000. Ndiyo maana reli hutumia volti nyingi. Treni inayohitaji wati milioni 2.5 huvuta ampea 100. Kwa volti 250 ingevuta ampea 10,000, na waya huo huo ungepoteza joto mara 10,000 zaidi, kwa kuwa joto hukua kwa mraba wa mkondo.

Baada ya Morogoro na mahandaki ya Kilosa, nchi inapanda. Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kuninyanyua mimi hadi huko ni jouli 755,000, kama kulombi 30: zaidi ya mara kumi ya kazi ya kunipa mwendo, na kitini sikuhisi chochote.

Kijana akaomba kalamu. “Mimi nina kilo 55,” akasema, akazidisha, akagawanya. Akapata 23.7.