Jina kwenye boksi

Kabla mtu hajasema uchawi: taroti ni karata 78 zenye michoro, na sisi kwenye kundi la vijana tunazitaka kwa kutungia hadithi. Unachomoa tatu, unaanza kusimulia. Shida ni kuchagua pakiti.

Michoro inayojulikana zaidi ilitoka London mwaka 1909. Boksi nyingi zimeandikwa Rider-Waite: Rider ni mchapishaji, Waite ndiye aliyetoa maelekezo. Mwenye kuchora zote ni Pamela Colman Smith, mwanamke aliyekulia kwa sehemu Jamaika. Alilipwa kidogo tu, akafa maskini mwaka 1951.

Kuna Universal Waite, iliyopakwa rangi upya na Mary Hanson-Roberts. Ni laini, inavutia macho haraka. Kuna Smith-Waite ya 2009, ya kutimiza miaka 100. Rangi zake zimepoa kama kitenge kilichofuliwa sana, ila jina la Smith limetangulia.

Mimi nasema tuchukue hiyo. Hapa kambini vijana wanachora kuta, halafu chini linaandikwa jina la mfadhili peke yake. Nataka wazoee kuuliza: nani alishika brashi?