Udongo Usiokanyagwa na Mwanamke

Ukishuka kituo cha Ryogoku, jijini Tokyo, hupotei. Bendera ndefu zenye majina ya wanamieleka wa sumo zimesimikwa kando ya njia hadi mlangoni mwa ukumbi wa Kokugikan. Ni mashindano ya Mei, ya siku 15, na humu ndani huenea watu wapatao 11,000. Wanawake ni tele. Bibi aliyekaa mbele yangu, mshikaki wa kuku mkono mmoja na penseli mkono wa pili, anaandika matokeo. Mbinu aliyoshindia mtu anaijua kabla haijatangazwa.

Katikati ndipo penyewe: dohyo, jukwaa la udongo ulioshindiliwa, juu yake duara la majani ya mpunga lenye kipenyo cha mita 4.55. Wanamieleka wanapanda, wanasukutua, wanarusha chumvi kutakasa uwanja, wanachuchumaa, wanakodoleana macho, kisha wanainuka, chumvi tena. Pambano lenyewe ukipepesa macho limekupita. Refa ni mwanamume, mwita majina mwanamume, hata anayefagia ni mwanamume. Kabla ya mashindano, chumvi, mchele na ngisi mkavu hufukiwa katikati ya duara kwa ajili ya miungu. Mwanamke hapandi hapo.

Awe nani, hapandi. Mwaka 1990 Mayumi Moriyama, katibu mkuu wa baraza la mawaziri, alitaka kukabidhi kombe la waziri mkuu, akakataliwa. Mwaka 2000 ikawa zamu ya Fusae Ota, gavana wa Osaka. Naye hivyo hivyo.

Lakini lililowavua watu nguo ni la Maizuru, Aprili 2018. Meya alianguka akihutubia juu ya dohyo. Wanawake, muuguzi akiwamo, wakapanda mbio na kuanza kumkandamiza kifua. Kipaza sauti kikawaamuru washuke, na si mara moja. Baadaye chumvi ikamwagwa kwa wingi. Chama cha sumo kikasema haikuwa kwa sababu yao. Mwenyekiti wake aliomba radhi, ila mwiko haukuguswa: siku mbili baadaye, huko Takarazuka, meya Tomoko Nakagawa alihutubia akiwa amesimama chini, kando ya dohyo.

Watetezi husema ndiyo mila tangu enzi na enzi. Sasa, Nihon Shoki, kitabu cha historia kilichokamilika mwaka 720, kinaposimulia mieleka mbele ya mfalme Yuryaku, wanaoshikana ni wanawake! Na enzi za Edo watu walilipa kiingilio kuwatazama wanawake wakiangushana. Kwangu mimi, mila inayochagua cha kukumbuka haina haki ya kumzuia muuguzi.

Wavulana wa shule za msingi hufanyia fainali yao ya taifa humu humu Kokugikan. Wasichana walipoanzishiwa ya kwao, mwaka 2019, walipelekwa ukumbi mwingine.