Ufugaji wa Fueli: Tafakuri ya Istilahi

Huko Dirma, katika wilaya ya Hanang, mfugaji hamhesabu mtamba pamoja na nyama. Mtamba ndiye zizi la kesho. Tofauti hiyo kitenzi *kuzalisha* hakiioneshi: mkunga humzalisha mama, na kiwanda nacho huzalisha saruji. Kwa hiyo msomaji anayekutana na "kuzalisha fueli" katika maelezo ya vinu vya muungano wa viini hudhani kuwa ni kiwanda tu, na hoja yenyewe humpita.

Hoja ni hii. Kinu huunganisha dutiriamu, ipatikanayo katika maji ya bahari, na tritiamu, ambayo ni adimu mno kwa kuwa nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 12 na ushei. Kila muungano hula atomu moja ya tritiamu na kutoa heli na nyutroni moja. Nyutroni hiyo ikinaswa na lithiamu-6 iliyozunguka chumba cha kinu, huzaliwa tritiamu moja. Mmoja kachinjwa, mmoja kazaliwa. Lakini nyutroni nyingine hupotea kutani, na tritiamu iliyo ghalani huendelea kupungua. Ndiyo maana huongezwa risasi au berili, ambazo zikipigwa na nyutroni moja yenye kasi huweza kutoa mbili. Mfugaji hahitaji kuelezwa hesabu hii mara mbili.

Katika vinu vya leza, kidonge cha fueli hubanwa kwa ghafla, na sehemu kubwa yake husalia bila kuungua. Sharti ikusanywe na kurudishwa zizini. Mnamo Desemba 2022, leza 192 za maabara ya Livermore, Marekani, zilipeleka megajuli 2.05 na kupata 3.15. Ulikuwa ushindi wa moto, si wa uzazi: chumba kile hakina blanketi la lithiamu.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Chini ya Mlima Hanang liko Ziwa Balangida, na kampuni ya Helium One imewahi kupewa leseni za kutafuta heli katika bonde lake, kama ilivyopewa za Rukwa na Eyasi. Heli hiyo hutokana na kuchakaa kwa urani na thori katika miamba ya kale. Katika kinu cha muungano, heli ni majivu, pengine chombo cha kupozea, fueli siyo. Mwanakijiji akiambiwa kuwa ardhini mwake mna "fueli ya nyuklia" atadai, au atakataa kwa hofu, kitu kisichokuwemo.

Pendekezo basi ni *kufuga fueli*, na *kuzalisha* kuachiwa umeme. Kuna pingamizi: watu hufuga pia ndevu na kucha, navyo havizai. Pingamizi hilo lina nguvu, ila aliyelala zizini huwaza mifugo kabla ya ndevu.