Muhuri Hauvuki Mpaka

Kitunguu kilichong'olewa Illasit, upande wa Kenya, asubuhi chaweza kuwa kinakaangwa Tarakea, upande wa Tanzania, mchana, na maharage ya Rombo hutufikia kwa njia iyo hiyo. Sisi wa pale tumekulia kwenye mpaka unaopita katikati ya watu wanaooana, wanaodaiana na wanaozikana. Kwa mtoto wa mahali kama hapo, ni vigumu kumeza kwamba uhandisi wa majengo una mipaka mikali kuliko forodha yoyote.

Marekani hakuna leseni moja ya uhandisi kwa nchi nzima. Kila jimbo lina bodi yake na daftari lake, tangu Wyoming ilipotunga sheria ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1907. California, ninakoishi, imeongeza vizingiti vyake. Umeshafaulu mtihani wa msingi, umefanya kazi chini ya mhandisi mwenye leseni, umekaa kwenye ule mtihani mrefu wa kitaifa wa saa nane, na bado unadaiwa mitihani miwili ya jimbo: mmoja wa matetemeko ya ardhi, mwingine wa upimaji. Kila mmoja ni saa mbili na nusu na maswali 55, yaani chini ya dakika tatu kwa swali. Hata mzee wa Texas aliyejenga madaraja maisha yake yote akihamia huku hukaa chini kama sisi. Na ule wa upimaji una adhabu ya ziada kwa aliyesoma Kenya. Sisi tulifundishwa mita. Wao hupima kwa futi, tena futi iliyogawanywa kwa kumi wala si kwa inchi.

Mtihani ukiisha, kuna kungoja. Huku, kungoja majibu ni shughuli ya mtu mmoja na barua pepe yake. Kwetu mtihani ni mali ya ukoo. Matokeo ya KCSE ya mtoto mmoja hujadiliwa hadi kwenye vibanda vya sokoni. Kwa hiyo simu kutoka nyumbani haziishi.

"Baba, hayo majibu bado?" mama huuliza.

"Bado, mama."

"Na hapo ofisini kwao hakuna mtu unayeweza kumwona?"

Hakuna. Katika kipindi hicho chote hesabu ni zangu, michoro ni yangu, lakini muhuri unaogongwa juu yake ni wa mtu mwingine. Nyumbani, kwa upande wa pili, nilishapewa cheo zamani. Ndugu yangu wa Kitengela, mwenye ploti ya hamsini kwa mia, hunitumia ramani ya ghorofa zake kwenye WhatsApp na maneno machache: "Kaka, piga jicho tu hapa." Yaani California yenye ofisi, maabara na wakaguzi bado haijaniamini niweke sahihi, na Kitengela inataka niidhinishe nguzo kwa kuangalia picha kwenye simu.

Zamani ningeiona California kuwa yenye roho mbaya. Kusoma historia yake kumenibadilisha. Usiku wa tarehe 12 Machi 1928, bwawa la St. Francis, kaskazini ya Los Angeles, lilipasuka na kuua watu zaidi ya 400. Aliyelisimamia, William Mulholland, alikuwa gwiji aliyejifunza kazi mwenyewe bila chuo, na saa kama kumi na mbili kabla ya maafa alikuwa amelikagua na kusema ni salama. Mwaka uliofuata, 1929, California ikapitisha sheria ya kuwasajili wahandisi wa ujenzi. Tetemeko la Long Beach la Machi 1933 likaleta nyingine, ya kulinda majengo ya shule. Maswali ninayojibu kwenye kompyuta yana makaburi nyuma yake.

Mwaka uo huo wa 1928, tarehe 6 Januari, ardhi ilitikisika Subukia, katika Bonde la Ufa letu, kwa kipimo cha takriban 6.9. Ni nani kwetu anayelikumbuka? Julai 2007 tetemeko la karibu na mlima Gelai, ng'ambo ya Magadi upande wa Tanzania, liliwatoa watu maofisini Nairobi. Magadi iko Kajiado, kaunti iyo hiyo ya Kitengela na Illasit. Kenya ina mwongozo wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko tangu 1973, na sijawahi kumsikia fundi wa Kitengela akiutaja. Huko hata hatuhitaji tetemeko: udongo ule mweusi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, unatosha kuichana nyumba ambayo msingi wake uliwekwa kwa kukisia.

Si kwamba nyumbani hakuna lango. Sheria ya Wahandisi ya 2011 ilileta Bodi ya Wahandisi Kenya, na asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita mhandisi. Ila kwa miaka mingi vita vikubwa langoni vilihusu chuo alikosoma mtu. Wahitimu wa Egerton walionyimwa usajili walipigania haki yao hadi Mahakama ya Juu, iliyowapa ushindi 2018. Wakati mawakili wakibishana, jengo la Huruma, Nairobi, liliporomoka Aprili 2016 na kuua watu karibu hamsini. Nionavyo mimi, California imeuliza swali lililo bora: unaujua udongo huu, au huujui? Chuo ni hatua ya kwanza tu.

Ndiyo maana sina kinyongo kwamba leseni ya huku, ikija, haitanipa mamlaka hata ya ukuta mmoja Kajiado. Mwaka 2012 bodi za Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa kutambuana, ili mhandisi wa Illasit aweze kusajiliwa na kufanya kazi Tarakea bila kuanza moja. Hilo ni jambo la maana, na hata hapo usajili lazima ufanyike upya upande wa pili. Vitunguu vivuke, sahihi za kubeba maisha ya watu zisubiri foleni.

Ndugu yangu wa Kitengela nilimjibu kwamba sahihi yangu haifiki huko, akanuna. Akasema nimekuwa Mmarekani. Hata hivyo alimtafuta mhandisi aliyesajiliwa, udongo ukachimbwa na kupimwa, na msingi ukashuka chini kuliko ulivyochorwa mwanzo. Gharama ilipanda, na sehemu yake nililipa mimi.

Nanyi mnaojengea nyumbani kwa pesa za ughaibuni, iwe Kitengela, Rongai au Illasit, kabla ya kutuma hela za msingi ombeni jina na nambari ya mhandisi, mvitafute kwenye daftari la Bodi ya Wahandisi, ambalo liko wazi mtandaoni. Mkiambiwa mhandisi wa mradi ni jamaa fulani aliye California, msitume kitu.